Mpiga Picha Alisimama Wapi? Matumizi ya Picha Katika Shule za Kandokando ya Ziwa

Aghalabu mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huandika katika andalio la somo, mahali pa zana, neno moja tu: "picha". Haandiki ni picha gani, wala wanafunzi watafanya nini nayo. Siku ya somo huikata kutoka katika kalenda au gazeti kuukuu, huibandika ubaoni, huinyooshea kidole na kusema, "Hili ni ziwa," kisha huendelea na maelezo yake kana kwamba haipo. Picha hubaki pale kama pambo. Nasi wakufunzi tunaoketi nyuma ya darasa huandika katika daftari zetu kwamba mwalimu alitumia zana, na mambo huishia hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba picha haistahili kutumiwa hivyo, na hasa katika shule za Mwanza na za kandokando ya Ziwa Victoria, ambako watoto wengi hukuta katika vitabu na magazeti picha za mahali wanapopafahamu kuliko mtu aliyezipiga. Picha husema mengi, lakini haisemi kwa hiari yake. Hutaka kuulizwa. Swali la kwanza la kuiuliza nilifundishwa na mtu ambaye hakupata kuwa mwalimu wa shule.

Somo la chumba cha giza

Kabla ya kuingia katika ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilijifunza upigaji picha katika studio moja ndogo mjini Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupokea wateja waliotaka picha za vitambulisho, na kumsaidia mzee mwenye studio katika chumba cha giza alipokuwa akisafisha filamu. Siku hizo filamu zilikuwa adimu. Mkanda mmoja wa kamera yetu ulikuwa na nafasi 12, na mzee hakukubali kupoteza hata moja. Lakini mara mojamoja, mkanda ulipobaki na nafasi tatu au nne ambazo hapakuwa na mteja wa kuzilipia, alinikabidhi kamera na kusema, "Nenda, kijana, ukaumalize."

Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama majini karibu na Capri Point, ambao kila mgeni huonyeshwa. Ilikuwa adhuhuri. Nilisimama ufukoni, nikapiga picha zote nne, nikarudi mbio. Jioni yake, katika mwanga mwekundu wa chumba cha giza, niliitazama karatasi ikiwa ndani ya dawa: kwanza haikuwa na kitu, kisha kikaja kivuli hafifu, kisha jiwe likajitokeza polepole kama mtu anayetoka katika ukungu. Asiyepata kuliona jambo hilo hawezi kujua furaha yake. Mzee, hata hivyo, hakufurahi. Aliichukua karatasi, akaitazama, akaniuliza:

"Ulisimama wapi?"

"Pale ufukoni, mzee."

"Kwa nini pale?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba nilisimama pale kwa sababu picha ya jiwe lile niliyokuwa nimeiona katika kadi za posta ilipigwa kutoka palepale. Jiwe lenyewe sikulitazama hata kidogo. Nilikuwa nimekwenda kuinakili kadi.

Baada ya majuma kadhaa alinipa nafasi nyingine tatu, kwa sharti kwamba nisisimame mahali pa kwanza. Nilimwomba mvuvi mmoja anipakie katika mtumbwi wake. Kutoka majini jiwe lilikuwa kitu kingine kabisa. Nyuma yake ulionekana mji, mabati na vilima vyake vya mawe. Chini yake palikuwa na alama ya maji, yaani mstari unaotenganisha sehemu ya mwamba inayolowa na ile inayokauka. Na upande mmoja alikaa kijana akivua kwa ndoana. Nilimpiga picha yule kijana. Iliposafishwa, maji yalimeremeta vizuri, lakini uso wake ulikuwa mweusi kama kaa, hauna jicho wala pua.

Hapo nilipata somo la pili. Mzee alinieleza kwamba kamera haijui kuwa mtu ni wa maana kuliko maji. Yenyewe hupokea mwanga tu. Ziwa hurudisha mwanga mwingi wa jua, kwa hiyo mpiga picha akiipima kamera yake kwa mwanga wa maji, kitu kilicho mbele ya maji hayo hukosa mwanga wa kutosha na kugeuka kivuli. Aidha Mwanza ipo karibu sana na ikweta, kama nyuzi 2 na nusu kusini yake, na wakati wa adhuhuri jua huwa karibu na utosi. Katika miezi ya Machi na Septemba huweza kupita juu kabisa ya kichwa. Kivuli cha paji la uso huangukia machoni. Ndiyo sababu wapiga picha wa mjini walipenda saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, si kwa ajili ya uzuri wa anga bali kwa ajili ya macho ya mteja.

Miaka mingi baadaye nilisoma jambo linalofanana na hilo, ingawa ni zito zaidi. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi iliwapelekea wasafishaji wa picha za rangi kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, ili wapimie kama rangi zimetoka sawasawa. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Nyuso nyeusi zilipotoka vibaya, watu walidhani kosa ni la nyuso. Kwa hiyo swali la mzee halihusu miguu ya mpiga picha peke yake. Hata mtengenezaji wa filamu alikuwa amesimama mahali fulani.

Nitaongeza neno moja juu ya jina la jiwe lenyewe. Waliolipa jina la waziri mkuu wao walikuwa Wajerumani, ambao waliondolewa Mwanza na majeshi ya Waingereza mwaka 1916. Jina limebaki. Nalo ni namna ya picha, iliyopigwa na mtu aliyesimama upande wake.

Mwanza iliyoonekana ng'ambo

Mwalimu anayedhani kwamba mambo haya ni ya mafundi wa studio tu na akumbuke habari ya filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Ilitolewa mwaka 2004 na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, na sehemu kubwa yake ilipigwa Mwanza. Habari yake ni samaki aina ya sangara, ambaye aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na baadaye akawa biashara kubwa ya viwanda vya minofu, huku aina nyingi za samaki wadogo, hasa furu, zikipungua au kutoweka. Inaanza kwa kivuli cha ndege ya mizigo kikipita juu ya maji. Kama mtu aliyejifunza kazi ya picha, nakiri kwamba mwanzo huo ni wa fundi hodari. Baadaye wanaonekana marubani, makahaba, watoto wa mitaani, na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, yakianikwa katika matope na mabuu. Tena filamu inadokeza kwamba ndege zilizochukua samaki zilikuja na silaha.

Filamu hiyo ilisifiwa sana Ulaya, na mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar huko Marekani. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na mjini Mwanza watu waliandamana kuipinga. Waliomkosoa Sauper walisema kwamba mapanki yale yalikuwa ya kutengenezea chakula cha mifugo. Wengine wakajibu kwamba mapanki huliwa na watu, na kila anayeishi Mwanza anajua kwamba huliwa.

Sina nia ya kuamua kesi hiyo hapa. Umaskini ulioonyeshwa haukubuniwa, na mtu anayetaka ufichwe kwa ajili ya heshima ya mji hausaidii mji. Lakini watu wasiopata kuiona Mwanza walitoka katika ukumbi wa sinema wakiamini kwamba wameiona. Hawakuona shule. Hawakuona soko la Mwaloni, Kirumba, ambako wafanyabiashara hupakia dagaa wa kwenda hadi Kongo. Hawakuona mafundi wa Makoroboi wakigonga makopo mpaka yakawa taa. Mpiga filamu alikuwa na haki ya kuchagua; kila mpiga picha huchagua, kwani kamera haiwezi kuelekea pande zote kwa wakati mmoja. Kasoro ilikuwa ya mtazamaji ambaye hakufundishwa kuuliza kilichoachwa nje. Mtazamaji huyo alipata kuwa mtoto wa shule ya msingi katika nchi fulani, mbele ya mwalimu aliyebandika picha ubaoni na kusema, "Hii ni Afrika."

Wanafunzi wetu nao hutazama. Leo simu za mkononi zimejaa picha, na mtoto wa Igombe au wa Ukerewe huweza kuona picha nyingi kwa siku moja kuliko babu yake alizoziona katika maisha yake yote. Huona pia mahali pake pakielezwa na wengine. Asipofundishwa kuuliza, ataamini picha na kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

Kuanza bila kamera

Somo la kwanza halihitaji kamera wala simu. Chukua jalada la daftari lililokwisha na ukate katikati yake tundu la mraba mstatili, upana kama vidole vinne. Kila mwanafunzi wa Darasa la Tano na awe na jalada lake. Watoke uwanjani, wafumbe jicho moja, waliweke jalada mbele ya jicho la pili, wachague sehemu moja na kuichora. Kisha, na hili ndilo kiini cha somo, waondoe jalada na kuandika vitu vitatu vilivyokuwa karibu kabisa na ukingo wa tundu lakini havikuingia. Nimeona mtoto aliyechora bendera ya shule ikipepea vizuri, na chini ya mchoro akaandika: dampo la takataka, mbuzi, mwalimu wa zamu. Darasa lilicheka sana, lakini lilielewa.

Somo la pili linafaa katika kipindi cha sayansi. Toboa kitako cha kopo la maziwa kwa msumari mdogo. Mdomo wa kopo ufunike kwa karatasi nyeupe nyembamba iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia, ili ipitishe nuru, na uifunge kwa mpira. Mtoto ajifunike khanga kichwani pamoja na upande wa karatasi, aelekeze tundu kwenye mti ulio katika jua. Ataona mti huo juu ya karatasi, mdogo, wa rangi, na kichwa chini miguu juu. Usikimbilie kueleza. Acha wabishane. Sababu ni kwamba nuru husafiri katika mistari iliyonyooka: ile itokayo juu ya mti hupita tunduni na kuangukia chini, na itokayo chini huangukia juu. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mtaalamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, yapata miaka elfu moja iliyopita. Tundu likiwa kubwa picha hung'aa lakini hufifia kingo zake. Likiwa dogo huwa kali lakini yenye giza. Wanafunzi wagundue hayo wenyewe kwa makopo mawili yenye matundu tofauti.

Ndipo ulete picha yenyewe darasani. Kanuni yangu ni kwamba wanafunzi waeleze kabla ya kutaja. Mtoto asiseme "hawa ni wavuvi". Aseme kwanza anachokiona: watu watano, mtumbwi wa mbao, nyavu, taa.

Wanakwenda au wanarudi?

Niliwahi kutumia picha ya namna hiyo katika shule moja ya ufukoni. Nilikuwa nimeitayarisha vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Ilionyesha mtumbwi karibu na nchi kavu, taa za karabai zimepangwa ndani yake, na wanawake wakiwa wamesimama ufukoni. Nilikuwa nimekusudia kufundisha msamiati wa uvuvi. Mvulana mmoja akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hawa wanakwenda au wanarudi?"

Sikujua. Nilikuwa na picha ile kwa miaka miwili na sikupata kujiuliza. Basi nikaliweka andalio la somo kando na kulirudisha swali darasani.

Mmoja alisema wanarudi, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na vivuli katika picha vilikuwa virefu na vimelala kuelekea majini. Maana yake jua lilikuwa upande wa nchi kavu, nalo lilikuwa linachomoza. Hoja hiyo ilikubaliwa na wengi. Lakini mwingine, ambaye jamaa zake waliishi upande wa Sengerema, alipinga. Alisema kwao jua huchomoza ziwani na kutua nchi kavu. Kwa hiyo vivuli vikilala majini ni jioni, na wavuvi ndiyo kwanza wanaondoka. Wote wawili walikuwa sahihi. Kivuli kilekile kilitoa majibu mawili, kutegemea mwalo ambao picha ilipigiwa, na mwalo huo haukuandikwa popote. Swali la mzee wangu wa studio lilikuwa limerudi katika kinywa cha mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Aliyelimaliza shauri ni msichana aliyekuwa kimya muda wote. Alionyesha kwamba mtumbwi ulikuwa umezama sana majini, kwamba wanawake walishika mabeseni, na kwamba ndege weupe walikuwa wamejikusanya mbele ya mtumbwi. "Ndege hawafuati mtumbwi mtupu," alisema.

Kisha yule wa kwanza akauliza mbona taa ni karabai, kwani kwao watu hutumia taa za betri. Hivyo tukajua pia kwamba picha ile haikuwa ya juzi. Kipindi kilikwisha bila msamiati wangu kuandikwa ubaoni, na sikuona hasara.

Maelezo yaandikwayo chini ya picha yanataka kipindi chake. Toa picha moja ya wanawake wanaoanika dagaa, ugawe darasa makundi mawili. Kundi moja liandike sentensi ya kumfanya msomaji awahurumie. Jingine liandike ya kumfanya awaheshimu. Pasiwe na uongo katika yoyote. "Wanawake wakiinama juani kutwa kwa ajili ya riziki ndogo." "Wafanyabiashara wakitayarisha dagaa wa kupeleka sokoni." Picha haikubadilika hata kidogo. Usiwaambie ni sentensi ipi iliyo bora. Waulize ni ipi wangependa iandikwe chini ya picha ya mama yao.

Picha zisizofaa kuletwa

Mwalimu wa ufukoni awe na tahadhari. Mnamo tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Mnamo tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Picha za vyombo hivyo vikiwa vimepinduka, tumbo juu, zipo na ni rahisi kuzipata. Mwanachuo mmoja aliniuliza kama anaweza kutumia moja katika somo la usalama wa majini. Nilimwambia atafute kwanza kujua ni nani katika darasa lake aliyefiwa. Alirudi baada ya siku mbili na kusema kwamba ni wanne. Somo alilifundisha kwa boya la kujiokolea alilolishona yeye na wanafunzi kwa gunia na chupa tupu za plastiki, na watoto walijifunza zaidi ya vile ambavyo picha ingewafundisha.

Vilevile wanafunzi wasipige picha ya mtu kwa simu bila kumwomba ruhusa, hata kama mtu huyo ni maskini, na hasa akiwa maskini.

Kazi ya mwaka mzima

Namalizia kwa zoezi ambalo darasa lolote la ufukoni linaweza kulianza. Chagueni mwamba mmoja majini unaoonekana kutoka shuleni. Pigilieni kigingi nchi kavu, ili kila anayechora au kupiga picha asimame palepale. Kila mwezi, tarehe ileile na saa ileile, mwanafunzi mmoja achore mwamba na kuonyesha maji yamefika wapi. Ziwa hili halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana. Mwaka 2020 lilipanda tena hata likaingia katika nyumba na mashamba ya ufukoni. Nikiitazama leo ile picha niliyoipiga nikiwa mtumbwini, uso wa kijana yule bado hauonekani, lakini alama ya maji kwenye mwamba inaonekana wazi, na kwa kuilinganisha na mwamba wa sasa najua ni mawe gani aliyokanyaga ambayo leo yapo chini ya maji.

Michoro itunzwe katika bahasha ya darasa, kila mmoja ukiwa na tarehe, saa na jina la mchoraji nyuma yake. Darasa likipanda, bahasha na kigingi viachiwe darasa linalofuata.